YAH: Skrubu ya laptopu yangu mliyoila kichwa halafu mnataka nilipie mimi

Kwa meneja,

Habari za kazi bosi. Mnisamehe kama naandika kwa ukali, ila yule dada wa mapokezi nimempigia mpaka nimechoka na kila siku jibu ni lile lile, fundi katoka.

Iko hivi. Nilileta laptopu hapo kwenu Kariakoo kusafishwa feni na kubadilishiwa pesti ya prosesa, ile dawa ya kupitisha joto, maana ilikuwa inachemka balaa. Kazi mlifanya siwezi kusema uongo, joto limeshuka. Sasa juzi nataka kuongeza RAM, nageuza chini, skrubu zote zinatoka kasoro moja ya kona karibu na bawaba, bisibisi inazunguka tu. Namulika na tochi ya simu naona nyota yote imeliwa, kimebaki kishimo cha duara, pembeni vichenga vya chuma vinang'aa na kava lina mchubuko mrefu pale bisibisi ilipoteleza. Na hilo kava kabla yenu halijawahi kufunguliwa, stika ya waranti mliikata nyie mbele ya macho yangu.

Eti naambiwa skrubu za siku hizi laini. Laini wapi? Zile nyingine zinashika bisibisi ya nyota saizi PH0 vizuri kabisa, mtu akichukua PH00, ile ndogo zaidi ya kufungulia simu, lazima icheze humo ndani, akizidisha nguvu inaruka na kuondoka na meno. Tena zina ile gundi ya bluu ya kiwandani ya kuzuia skrubu isilegee, unatakiwa ukandamize kwanza ndo uzungushe polepole. Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyefunga aliona, maana skrubu ikianza kulika bado unaweza kuitoa ukaweka nyingine, na pale mezani kwenu kuna kopo zima la skrubu za laptopu mbovu, yeye akaona bora akaze tu anirudishie na mimi nikalipa huku nashukuru!

Halafu mnanipa bei ya kutoboa na drili pamoja na kava jipya, laki na ishirini. Sitoi hata mia. Na drili sitaki ianze, betri bado imechomekwa humo ndani, vichenga vikidondoka kwenye madabodi ikapiga shoti mtaniambia nini? Anzeni na kipande cha raba bendi, mnakiweka juu ya kishimo mnakandamiza na bisibisi pana kidogo. Ikigoma gonga taratibu biti ya Torx, ile ya nyota ya pembe sita, iliyozidi kishimo kidogo ing'ate, au pashieni kichwa na pasi ya kulehemu ile gundi ilainike, ila muangalie plastiki isiyeyuke. Drili iwe ya mwisho kabisa, chaji imeisha na mashine imeinamishwa vichenga vianguke nje, kikitoka kichwa kava linanyanyuka na kile kijiti kinachobaki mnakishika na koleo mnakizungusha kitoke.

Ninachotaka ni skrubu itoke bure, muweke mpya, na kava likipasuka mkononi mwenu ni lenu. Mkikataa napeleka hili FCC, Tume ya Ushindani, malalamiko ya wateja wanapokea.

Nakuja Jumamosi asubuhi na risiti. Fundi awepo, na nitakaa hapo hapo kwenye kiti nikiangalia anavyofungua.

Mteja wenu