Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mtoto aliyeandika "tutu"

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa darasa la kwanza. Niliwahi kuwa na mwanafunzi ambaye kila nikisoma imla, "kuku" aliiandika "tutu". Nilimkosesha kwa kalamu nyekundu, nikamwambia awe makini. Hakuwa mzembe. Ndivyo alivyotamka: k kwake ilikuwa t, na mkono uliandika kilichotoka kinywani.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Kwanza alitaka mtoto apimwe masikio. Kisha akamwekea picha ya kaa na ya taa, akataja moja, mtoto aonyeshe ipi. Siku zile za mwanzo alibahatisha tu. Nami nilikuwa nikimdai herufi za sauti ambazo bado hakuweza kuzitofautisha!

Wengi hudhani wataalamu hawa ni wa kigugumizi tu. Lakini kusoma kunaanzia kwenye usemi: mtoto asikie kwamba "pata" na "bata" zinaachana kwenye sauti ya kwanza, aweze kulikata neno silabi kwa silabi, awe na msamiati wa kutosha kuelewa anachosoma. Hili la mwisho ndilo linalotuponyoka sana. Yupo mtoto anayesoma aya nzima bila kukwama, ukimuuliza nani alimfanya nani nini, anakutazama tu. Tunampa alama za kusoma na kumpitisha. Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 ulikuta watoto kati ya 7 na 8 katika kila 100 wanaoanza shule wana tatizo la lugha lisilo na chanzo kinachojulikana. Katika darasa la wanafunzi 40, hao ni kama watatu.

Mtaalamu huyo pia hutenganisha tatizo na lafudhi. Mtoto anayebadilishana r na l kwa sababu ya lugha ya nyumbani si mgonjwa, na hastahili kuandikwa hivyo.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni nafasi za ajira: mtaalamu mmoja azungukie kundi la shule, aingie madarasani tangu awali, atufundishe sisi walimu cha kusikiliza, na awaone watoto kabla hawajafeli. Kwa sasa tunawapeleka wakishachelewa, tena ni wale tu ambao wazazi wao wanamudu gharama.

Yule wa "tutu" alihama kabla hajamaliza tiba. Sijui alikokwenda kama kuna wa kumsikiliza.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa darasa la kwanza