Giaboksi na klachi ya lori la zamani: tunaanzia kwenye difu

Wateja wengi wanaotuletea lori la zamani huanza na idadi ya gia. Toa hii ya gia tano, weka ya kumi na nane. Sisi tunataka kwanza kujua difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ni ya ngapi na tairi ni saizi gani, kwa sababu giaboksi isiyoendana na difu ni mzigo tu, hata iwe nzuri namna gani.

Chukua difu ya 4.88, yaani propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu) huzunguka mara 4.88 tairi likizunguka mara moja, na tairi linalosogea mita 3.2 kila likizunguka mara moja. Injini ambayo kikomo chake ni mizunguko 2,100 kwa dakika, gia ya mwisho ikiwa moja kwa moja (propela inazunguka sawa na injini), itakufikisha kama kilomita 83 kwa saa huku ikilia safari nzima. Weka giaboksi yenye ovadraivu ya 0.73 (injini huzunguka mara 0.73 tu propela ikizunguka mara moja), mwendo uleule utaupata kwenye mizunguko kama 1,530. Hapo lazima ujiulize kama injini yako inaweza kuvuta ikiwa chini hivyo. Detroit Diesel ya mapigo mawili hupenda kukaa juu, karibu na kikomo, kwa hiyo inataka gia zilizokaribiana. Maxidyne, injini ya Mack iliyotoka mwaka 1966, ilitengenezwa ivute kuanzia mizunguko 1,200 hivi hadi 2,100, ndiyo maana gia tano ziliitosha.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka propela ikatike. Gia ya chini huzidisha nguvu ya injini ya kuzungusha kabla haijafika kwenye propela. Injini ya niutoni-mita 1,000 ikipitia gia ya kwanza yenye uwiano wa 7 inatoa 7,000. Ikipitia gia ya 14, kama zilivyo nyingi za spidi kumi na nane, inatoa 14,000 kwenye propela, kwenye misalaba yake (viungo vyake) na kwenye difu iliyoundwa kwa nusu ya hiyo. Na ovadraivu nayo huizungusha propela haraka kuliko injini: 2,100 kwenye injini inakuwa karibu 2,880 kwenye propela. Kama imepinda kidogo au beringi ya katikati imechoka, utaisikia kwenye kiti. Kwa lori litakalotembea tupu au na mzigo mwepesi, mara nyingi tunashauri uache giaboksi ya asili na ubadilishe krauni na pinioni, yaani gia za ndani ya difu.

Ukinunua giaboksi ya Fuller iliyotumika, soma kibati chake. RTO-12513, kwa mfano: herufi O ni ovadraivu, 13 ya mwisho ni idadi ya gia, na 12 ya mwanzo ukiizidisha kwa 100 na kuongeza 50 unapata futi-pauni 1,250, yaani niutoni-mita kama 1,695. Kumbuka pia kwamba kwenye giaboksi hizi kubadili kati ya kundi la gia za chini na la gia za juu hutumia upepo. Lori lenye breki za mafuta lisilo na kompresa litahitaji kompresa kwanza.

Klachi ndiyo inayotuchukulia muda zaidi. Malori mengi ya enzi hizo yana klachi ya inchi 14 ya kusukuma (beringi husukumwa kuelekea injini ili klachi iachie), imekaa ndani ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) yenye umbo la chungu. Giaboksi za baadaye huja na klachi ya inchi 15.5 ya kuvuta (beringi huvutwa kuelekea giaboksi), inayotaka flaiwili bapa. Kwa hiyo unabadilisha flaiwili, uma wa klachi, na pengine hosingi, yaani kava linalounganisha injini na giaboksi. Hesabu meno ya shafti ya giaboksi na upime unene wake kabla ya kuagiza pleti za klachi. Pleti za seramiki huvumilia joto, lakini hushika ghafla. Dereva anayejifunza lori la zamani tunampa za kawaida.

Klachi ya kuvuta ina breki yake inayosimamisha shafti ili gia ya kwanza iingie bila kusaga. Inakanyagwa lori likiwa limesimama tu. Tunaacha nafasi ya milimita 12 hadi 14 kati yake na beringi, na milimita 3 kati ya beringi na uma.

Hosingi yoyote iliyobadilishwa tunaipima kwa geji ya saa iliyofungwa kwenye flaiwili, tukizungusha injini kwa mkono. Sindano ikicheza zaidi ya milimita 0.2, giaboksi haifungwi. Hosingi iliyokaa upande hula beringi ya mbele ya shafti na kuchana pleti katikati, na mteja hurudi akilalamika kwamba pleti ni mbovu.

Ukija kwetu, tuletee namba ya difu, saizi ya tairi, picha ya kibati cha injini, na uzito unaotaka kubeba. Giaboksi usiinunue bado.