Mabasi ya umeme yaje Tanga, ila yaje na transfoma yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu mabasi ya umeme. Kijiweni kwetu Makorora, mafuta yakipanda bei tu, hayo ndiyo maongezi: Nairobi wanayo tangu 2022, Shenzhen kule China mabasi ya mjini zaidi ya 16,000 yalishageuzwa yote kuwa ya umeme kufikia mwisho wa 2017, sisi Tanga tunangoja nini? Hapo lazima atokee wa kututajia Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115. Umeme wa kumwaga!

Umeme upo, sibishi. Hata mkoani kwetu, mitambo ya Hale na New Pangani Falls ukiijumlisha ina uwezo wa megawati 89. Lakini mimi ni fundi umeme wa majumbani, kazi yangu iko mwisho wa laini. Tangi likijaa huko juu, bomba la nusu inchi linabaki la nusu inchi.

Mtaani kwetu yupo fundi wa kuchomelea mageti. Akigusa chuma, taa za nyumba za mwisho zinafifia na feni zinazunguka kivivu mpaka ainue mkono. Jirani yangu muuza barafu aliunguza kompresa ya friji lake kwa umeme mdogo wa jioni. Nililifungua mwenyewe, waya ulikuwa mweusi kama masizi. Sasa mashine ya kuchomelea hupumzika kila baada ya dakika chache. Chaja ya basi ya kilowati 60 inavuta zaidi yake mara kadhaa, tena saa nne au tano mfululizo.

Tupige hesabu kwa lugha ya LUKU, mita yetu ya kulipia kabla, ambayo uniti yake moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima. Basi kubwa la mjini hubeba betri ya uniti 300 hivi. Mteja mdogo wa bei nafuu, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, angekaa nazo miezi minne. Tuseme mtu alete mabasi 20 na kuyalaza Kange, kwenye stendi ya mabasi, kila moja na chaja yake ya kilowati 60. Yakirudi yote saa moja usiku yakachomekwa, ni kilowati 1,200 kwa mpigo. Kwa transfoma za mtaani za kVA 200, yaani zisizozidi kilowati 200 kila moja, zinatakiwa sita, na zisiwe na nyumba hata moja. Na saa moja usiku ndiyo saa ambayo mji mzima umerudi nyumbani: pasi, televisheni, feni, jagi la kuchemshia maji.

Igeuze hesabu hiyohiyo. Kila basi limetumia uniti 200 kwa siku, jumla 4,000. Zigawe kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, unapata chini ya kilowati 600. Mabasi ni yaleyale na abiria ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba kuna programu inayoyapokezanisha badala ya kila dereva kuchomeka anapofika. Na madereva nawajua: saa ile anachotaka ni kukabidhi hesabu akalale.

Hata usiku, hata hivyo, si wa bure. Usiku ndio transfoma hupoa. Karatasi inayofunika waya zake ndani huzeeka kwa joto, na joto hilo likizidi kipimo kwa nyuzi sita hadi kumi tu, umri wake hukatika nusu. Kwetu Tanga Februari hakuna kupoa, usiku wala mchana. Tena chaja hugeuza mkondo geu wa gridi kuwa mkondo mnyoofu unaotakiwa na betri, na kugeuza huko hurudisha kwenye laini mawimbi yaliyokunjamana, ambayo nayo huongeza joto. Chaja nzuri zina vichujio vya kuyazuia. Za bei chee sina haja ya kuzieleza, sote tumewahi kununua chaja ya simu ya buku mbili.

Kwa hiyo ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji na kwa wenye umeme ni hili: basi la kwanza lisianze kazi kabla maegesho yake hayajavutiwa laini yake ya msongo mkubwa, kV 11 au 33, na kupewa transfoma yake, kwa gharama ya mwenye mabasi. Asiachiwe kuning'inia kwenye nguzo ya mtaa. Na umeme wa kuchaji usiku wa manane uuzwe kwa bei ya chini. Kenya walifanya hivyo 2023, bei ya umeme wa kuchaji magari ikashuka nusu kwa saa ambazo watu wamelala. Bila tofauti ya bei, sioni kwa nini mfanyabiashara asubiri hadi saa nne.

Najua nitaambiwa nazuia maendeleo. Moshi wa daladala za Pongwe naujua, nimekaa kiti cha nyuma miaka mingi.

Jirani yangu wa barafu amenunua kompresa nyingine, ya mtumba. Juzi kaniuliza kama mabasi hayo yatapita mtaani kwetu. Nikamwambia kupita yapite, tuombe yasilale.

Fundi umeme,
Makorora, Tanga