Mama, mwambie Issa tunajenga gesti

Berlin

Mama, shikamoo. Mimi mzima. Baridi nimeizoea, tusiyaongee hayo.

Ujumbe wa Issa nimeupata. Eti nitume hela nyumba ya Babu pale Mikumbi iwe hoteli, yenye ukumbi na ghorofa. Issa huyuhuyu aliyemwambia Somoe kwamba Ulaya kazi yangu kutandika vitanda! Sasa niko mapokezi, zamu yote ya usiku iko chini yangu.

Mwambie kazi hii naijua. Kwetu hapa ni hosteli, mgeni ananunua kitanda tu. Chumba kimoja dabodeka nne, watu wanane wasiojuana, bafu la korido, jiko la wote, kufuli la kabati aje nalo. Vijana wanapenda, bei ndogo na wanapata wenzao wa kutembea nao. Ng'ambo ya barabara kuna hoteli ya nyota nne. Kule mtu analipia kuhudumiwa saa yoyote, kwa hiyo wafanyakazi ni jeshi, na wanalipwa hata vyumba vikiwa vitupu. Hapo ndipo Issa atakapofilisika. Wenye watoto hupanga nyumba ya mtu kwa siku chache wakajipikia, ufunguo wanaukuta kwenye kisanduku cha namba mlangoni.

Wageni wa Lindi ni nani? Wanunuzi wa korosho, minada ikianza Oktoba. Watu wa Nane Nane pale Ngongo. Maofisa wa semina. Hao ukumbi wa nini? Wanataka chumba self, neti isiyotoboka, feni, maji, pa kuegesha gari na chai asubuhi. Gesti hiyo, na Mama unaiweza bila meneja.

Juzi mgeni karudi makumbusho anamsifia yule mjusi wa Tendaguru, mifupa ya dinosaria, urefu wa kwenda juu unapita mita 13. Nikamwambia huyo wa kwetu, Lindi! Akanitazama kama mimi ndiye niliyemfuga. Usiku ule nilitamani ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, hadi basi. Mjusi ana bahati, yuko huku tangu enzi za Mjerumani na hakuna anayemwomba hela.

Nitatuma kwa namba yako, siyo ya Issa. Vyumba vitatu, na tangi la maji lianze. Bati za mwaka juzi bado sijaambiwa ziliezekea nyumba ya nani.

Msalimie Shangazi. Somoe pia, hata kama anacheka.

Mwanao,
Zuhura