Tutakuwa Wageni Pekee Kisiwani: Twende, Tubadili Tarehe, au Tualike Marafiki?

Mhariri mpendwa,

Naomba nafasi katika safu yako ya ushauri nieleze jambo ambalo mimi na mume wangu tumeshindwa kuafikiana, ilhali tarehe ya mwisho ya kulipa kianzio inakaribia.

Kwa muda mrefu tumeahidiana kupumzika mahali siku chache, sisi wawili tu, bila watoto wala simu za kazini. Nilipata nyumba ndogo ya wageni kisiwani ambayo bei yake hushuka sana msimu wa watalii unapokwisha. Nilimwandikia mwenye nyumba kuuliza hali huwaje wakati huo, naye, kwa uungwana ambao si wenye hoteli wote wanao, hakunificha kitu: huenda tukawa wageni pekee; jikoni hupikwa mlo wa jioni tu, tena kwa kuagiza mapema; wakodishaji wa baiskeli na mashua huwa wamekwisha kufunga; na feri, ambayo wakati wa msimu huvuka kila siku, hupunguziwa safari na huweza kubaki gatini upepo unapozidi.

Maelezo hayo mimi yalinivutia, mume wangu yakamtia hofu.

Hofu yake ya kwanza ni ya usafiri, nami siwezi kuipuuza. Feri ikifutwa kwa sababu ya bahari kuchafuka, aghalabu abiria hurudishiwa nauli au hupewa safari nyingine, lakini chumba ambacho hakikulaliwa ni hesabu tofauti. Mwenye nyumba anatoa bei mbili: moja nafuu ambayo hairudishwi kwa hali yoyote, na nyingine ya juu kidogo inayoruhusu kughairi hadi siku chache kabla ya kuwasili. Bima ya safari nayo ina mipaka yake. Kwa kawaida hulipia jambo lisilotazamiwa, haimfidii aliyebadili nia wala aliyefika akakuta mvua, na dhoruba iliyokwisha kutangazwa kabla ya bima kununuliwa mara nyingi haihesabiwi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kushindwa kwenda si hatari kubwa kama kushindwa kurudi, kwa kuwa kazi na watoto vitakuwa vinatungoja upande wa pili wa maji.

Hofu ya pili ndiyo inayonikosesha raha. Mume wangu anasema tutachoka kutazamana, na anapendekeza tuwaalike marafiki zetu, mke na mume tunaowapenda sote, maadamu vyumba vipo na bei ni ndogo. Ni watu wema na wachangamfu, nami sina neno nao. Lakini tukienda nao, tutakuwa tumevukisha sebule yetu baharini pamoja na soga zake zote. Hatuna ugomvi nyumbani, ila mazungumzo yetu yamebaki kuwa ya ada za shule, matengenezo ya gari na nani atamchukua mtoto. Nilitamani jioni ambazo hakuna wa kutupokonya, hata kama baadhi yake zingepita kimya. Pengine kimya hicho ndicho hasa anachokiogopa, ingawa sijathubutu kumwuliza.

Nimewaza pia njia ya kati, yaani kuiwahisha safari iwe katika majuma ya mwanzo baada ya msimu, kwa sababu bahari hupoa polepole kuliko nchi kavu, hivyo maji huwa bado yana joto, safari za feri hazijapungua mno, na wageni wachache wangali wapo. Bei ingepanda kiasi, na upweke ninaoutamani ungepungua, lakini huenda yeye angekubali bila kulazimishwa, na sioni faida ya kumpeleka mtu mapumzikoni akiwa amenuna.

Kwako wewe na wasomaji waliowahi kusafiri wakati kama huo naomba ushauri. Je, nishikilie safari ya wawili nje ya msimu, nikilipa bei inayorudishwa na kutenga siku ya akiba kabla ya kurejea kazini, au nikubali majuma hayo ya kati? Na kuhusu marafiki, nimwambieje mume wangu kwamba sitaki waje, bila yeye kudhani kwamba namwita kisiwani kumhukumu?

Wako mtiifu,
Msomaji anayesubiri kulipa kianzio