Mkarafuu umekufa, mnazi unazaa

Wete, Pemba

Mwanangu Mwanaisha,

Asalaam aleykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Bibi yako mguu umepoa, anakusalimu sana.

Umeuliza vipi ule mkarafuu wa nyuma ya banda umekauka na hali tukiumwagia maji, na mnazi wa ubavuni mwake, uliochongwa vidato toka chini hadi juu, ndiyo kwanza unazaa.

Mbuzi wa ami yako waliutafuna mkarafuu gome kuuzunguka mti wote, mithili ya pete. Sasa, mkarafuu una njia mbili. Maji na chumvichumvi za udongo hupanda kwa ndani, kwenye mbao: hiyo ndiyo zailemu, vijibomba vya seli zilizokwisha kufa. Sukari inayotengenezwa na majani hupita kwenye floemu, nayo imo upande wa ndani wa gome. Mbuzi mbao hawakuigusa. Ndiyo maana majani yalikaa kijani miezi, ami yako akasema mti umepona. Maji yalikuwa yakipanda, lakini chakula kikifika penye jeraha kinakwama. Ukipapasa utaona gome la juu ya jeraha limevimba, la chini limesinyaa. Mizizi ikala akiba yake mpaka ikaisha. Ikafa, na mti ukafuata. Maji yetu yangesaidia nini, na ugonjwa haukuwa kiu?

Mnazi umbile lake jingine kabisa. Ukikatwa kwa msumeno utaona madoa ya kahawia yametapakaa shina zima, na kila doa ni fungu lenye zailemu na floemu pamoja. Mkwezi akichonga kidato anakata mafungu machache, mengi yamo ndani yanaendelea na kazi. Ila kidato hakizibi maisha, kwa hivyo nao usichongwe ovyo. Na lile tembo tamu linalogemwa kwenye karara, hiyo ni sukari ya floemu inatiririka.

Kuhusu maji kufika juu bila ya mashine: hata pampu nzuri ya kuvuta, ikikaa juu, hainyonyi maji kupita kina cha mita 10 hivi, na mnazi mrefu unapita mita 20. Mizizi husukuma kidogo tu. Kazi kubwa inafanywa na jua. Maji yanapovukizwa kupitia vitundu vya majani, yanayavuta ya nyuma yake, kwani maji hushikana, mpaka huko mizizini. Wataalamu wawili, Dixon na Joly, walilieleza jambo hili mwaka 1894 kule Dublin, na maelezo yao ndiyo yanayosomeshwa skuli mpaka leo. Maji mengi mno huishia hewani. Yanayobaki mmeani ni kidogo sana.

Nimeshapanda mche mwingine palepale, nimeuzungushia makuti. Ukija likizo pitia Darajani uninunulie wavu wa waya, maana makuti mbuzi hawa wanayatoboa.

Mamako