Kaka, ukija Januari usitangulie mchangani

Shikamoo kaka,

Simu zako nimeziona. Sikupokea kwa sababu tungegombana, na harusi ya dada iko karibu. Bora niandike, hata wakisoma wengine.

Mama anasema umeshakata tiketi, na kwamba Jumamosi ya kuhesabu ndege ungependa kushika darubini kubwa. Karibu. Wewe ndiye uliyewafunza nusu ya vijana wa hapa kutofautisha kitwitwi na kitwitwi, hawa ndege wa matopeni na ufukweni, hilo halina ubishi. Ila shika haya kwanza.

Tunahesabu maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, si maji mafu yanayojaa kidogo, kama ulivyozoea kutupangia ili upate lifti ya kurudi mjini. Maji mafu hayafuniki matope yote, ndege wanabaki wametawanyika hori lote, na kundi moja unalihesabu mara mbili bila kujua. Bamvua likijaa, hapa kwenye hori la Mida, pwani ya Kenya, ni alasiri, saa kumi na kuendelea, wote wanasukumwa kwenye vipande viwili vitatu vya mchanga. Uwe umeketi saa moja na nusu kabla, jua mgongoni, na usisogee tena.

Kumi wa kwanza wahesabu mmoja mmoja, uone wanachukua upana gani kwenye kioo. Kwa upana huo pima hamsini hamsini, kushoto kwenda kulia, bila kurudi nyuma. Vitwitwi wadogo hujificha nyuma ya miguu ya wakubwa, kwa hiyo wape raundi yao. Wanahesabu watu wawili, na kila mmoja anaandika lake kabla ya kulitaja. Namba zikipishana sana wanarudia. Hakuna kuchukua ya katikati.

Na ndege wakiruka kabla hamjamaliza, fomu inaandikwa "wameruka", basi.

Unajua kwa nini nalisema hili. Kumbuka siku ile: maji yamejaa, wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa wamesimama wamebanana kama mayai kwenye trei. Ukavua ndala zako za bluu, ukazishika mkononi, ukaingia majini mpaka magotini, wageni wawili nyuma yako na kamera. Hamkufika mbali. Kundi zima likaruka, likazunguka mara tatu, likakataa kutua. Ukarudi unacheka, ukachukua kalamu mkononi mwa mtoto wa darasa la saba, ukaandika namba ya mwaka uliotangulia. Ile ile, mpaka tarakimu ya mwisho. Mtoto akakutazama.

Unasema nilikuaibisha mbele ya wageni kwa kuikata kwa wino mwekundu. Ningefanyaje? Hesabu za Januari zinafanywa Kenya tangu 1991. Ndege wakipungua huku sisi tunanakili namba ya jana, nani atajua? Na huyu mweupe mla kaa hana haraka ya kujaza pengo: kwa kawaida hutaga yai moja tu, ndani ya shimo la mchangani, huko huko pwani za Arabuni unakofanya kazi. Maji yakijaa hana pa kula, anapumzika. Ukimrusha, mafuta ya safari yanaishia kwenye picha ya mgeni.

Labda wino mwekundu haukuwa lazima. Kalamu ya risasi ingetosha.

Na la mikoko sikulisema siku ile. Yale magunia mawili ya mbegu uliyowapandisha watoto kwenye matope wazi yalikufa yote. Ulisema tope ni tope. Pale maji hukaa mno, mche haupumui, na hayo matope ndiyo sahani ya ndege wenyewe. Siku hizi tunapanda ukingoni tu, pale miti ilipokatwa: theluthi ya mbegu ndani ya tope, ncha iliyochongoka chini, mita moja kutoka mbegu hadi mbegu. Palipo na mikoko mikubwa jirani hatupandi kitu, bahari inaleta mbegu yenyewe.

Darubini mguu mmoja haukazi, skrubu imelika. Ukipata ya kufanana huko, leta mbili. Nasi tumekuwekea kofia yako, bibi ameishona ukingo.

Yule mtoto yuko sekondari sasa, na fomu anaandika yeye. Ukimpa namba atakuuliza mwenzako amepata ngapi.